Mjumbe na Daftari la Sista

Ukisikia mtu ni mjumbe wa bodi, kitu cha kwanza kinachokujia kichwani ni posho. Hulaumiwi, ndivyo tulivyozoeshwa. Bodi ninayoizungumzia hapa haina posho. Ina chai ya maziwa, maandazi, na nauli kwa wanaotoka parokia za mbali, ambayo wengi wao huisukuma kimyakimya irudi kwenye bahasha ya mtunza hazina. Tunasimamia kituo cha Kikatoliki kinachopokea mabinti wajawazito waliofukuzwa kwao, pamoja na vichanga waliofiwa na mama zao. Wanaoamka usiku ni masista na walezi. Sisi tunafika kila robo mwaka, tunaketi, tunapitisha.

Neno lenyewe ndilo hilo: tunapitisha. Tunapitisha muhtasari wa kikao kilichopita, tunaingia kwenye yatokanayo, tunapitisha taarifa ya mapato na matumizi, tunagusa mengineyo huku baadhi wameshaanza kutafuta funguo za gari, kisha sala. Mtu anaweza kuwa mjumbe hadi anastaafu asimbebe mtoto hata mmoja, na siku ya jubilei akavishwa shada kama mlezi wa watoto. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo karatasi hazinitishi. Linalonisumbua ni kujua kama kuna upendo wowote ndani ya kazi hii ya kupitisha, au ni namna tu ya watu wenye ajira kukaa karibu na wema unaofanywa na wengine.

Jibu nililolikuta liko katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, mahali tunapopita haraka tukikimbilia kifo cha Stefano. Kanisa lilikuwa changa, kila siku watu wanagawiwa chakula, na wajane wa Wayahudi wasemao Kigiriki wakawa wanasahaulika katika ugawaji. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaambia wale wanaonung'unika kwamba wamekosa shukrani. Waliitisha mkutano, watu wakachagua wanaume saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Soma tena majina hayo. Yote ni ya Kigiriki. Waliokabidhiwa meza, kwa dalili zote, walitoka upande ule ule uliokuwa umesahauliwa. Bodi ya kwanza ya huduma katika historia ya Kanisa iliundwa kwa sababu ya lalamiko, na viti vyake vikapewa walalamikaji.

Nilipotoka hapo nikaangalia orodha yetu ya wajumbe: padre, daktari mstaafu, mwalimu mkuu mstaafu, mwanasheria, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mwakilishi wa Wanawake Wakatoliki Tanzania (WAWATA), mimi na wengine wa aina hiyo hiyo. Wengi wetu ni wanaume. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala katika kituo tunachokisimamia.

Ni rahisi kuona matokeo yake kwenye ajenda. Chukua maziwa ya kopo. Kwa miaka kadhaa fungu hilo lilikuwa likipanda, na kila likipanda sisi tulikuwa tukiuliza bei ya duka lipi. Swali la mhasibu hilo, na si baya. Kopo la gramu 400 halimfikishi mtoto wa miezi mitatu siku ya tano kama hana chakula kingine, kwa hiyo kichanga mmoja aliyefiwa na mama anaweza kumeza fungu la mtu mzima. Sista msimamizi alitusikiliza tukibishana juu ya wauzaji wa jumla, kisha akasema taratibu: "Baba, shida siyo duka. Shida ni siku mtoto anapochukuliwa na bibi yake." Bibi anaondoka na makopo mawili ya kuanzia. Kijijini kopo moja linavutwa hadi karibu wiki mbili, kwa sababu kijiko kimoja kinatiwa maji ya vijiko vitatu. Mtoto anashiba maji. Miezi miwili baadaye anarudishwa kwenye zahanati, mashavu yameshuka na kadi ya kliniki inaonyesha mstari wa uzito uliolala chini.

Hakuna mtu mezani aliyekuwa na jibu, maana hakuna aliyewahi kuwa yule bibi. Aliyetoa jibu ni mlezi mmoja aliyekuwa akimimina chai, ambaye zamani aliwahi kupokelewa kituoni hapo hapo akiwa na mimba. Alisema bibi asiruhusiwe kuondoka na mtoto siku ile ile anayokuja. Akae kituoni siku chache, achanganye maziwa mwenyewe mbele ya muuguzi, apewe kikombe badala ya chupa kwa sababu kikombe kinaoshwa kwa urahisi, na arudi na makopo mengine kila anapoleta kadi yenye uzito mpya. Tulipitisha. Ule ndio uamuzi bora zaidi ambao bodi yetu imefanya tangu niingie, na ulitoka kwa mtu aliyeshika birika, ambaye kwenye muhtasari ameandikwa "mlezi" bila kusemwa alizungumza nini.

Nisije nikaeleweka kwamba nawabeza masista. Wao wameubeba mzigo huu pale ambapo hata Kanisa lenyewe lilikuwa linasitasita. Watu wengi hawajui kwamba hadi miaka ya 1930 sheria za Kanisa ziliwazuia watawa wa kike kuzalisha. Ilionekana haiwafai walioweka nadhiri ya useja. Teresa Kearney, Mfransisko wa Ireland anayejulikana Uganda kama Mama Kevina, alifika Nsambya mwaka 1903, akaona jinsi wanawake na vichanga walivyokuwa wakifa, na hakungoja. Mwaka 1919 alimpata daktari wa kike, Evelyn Connolly, na si muda mrefu baadaye Nsambya ikawa na shule ya wakunga. Roma ilifungua mlango rasmi Februari 1936, kwa maagizo yaliyowaruhusu watawa wa kike katika nchi za misheni kujifunza na kutoa huduma ya uzazi. Mwaka uliofuata Mary Martin, naye wa Ireland, akaanzisha nchini Nigeria shirika la Wamisionari Waganga wa Maria, ambalo masista wake walikuja kufanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania pia. Kwa hiyo sista anayemkata mtoto kitovu leo katika hospitali ya misheni anafanya jambo ambalo bibi zake wa kiroho walilidai kwa miaka mingi.

Lakini Ireland hiyo hiyo iliyotuletea Mama Kevina ina ukurasa mwingine, na mjumbe yeyote wa bodi kama yetu anapaswa kuusoma kabla hajameza andazi lake la kwanza.

Katika mji mdogo wa Tuam, kaunti ya Galway, kulikuwa na nyumba ya mama na mtoto iliyoendeshwa na masista wa Bon Secours kuanzia 1925 hadi 1961. Jengo lilikuwa mali ya serikali ya kaunti. Mabinti waliopata mimba nje ya ndoa walipelekwa huko, wakajifungua, wengi wakatenganishwa na watoto wao. Mwaka 2014 dunia ilisikia matokeo ya kazi ya mwanamke mmoja wa eneo hilo, Catherine Corless, mtafiti wa historia ya mji wake ambaye hakutumwa na taasisi yoyote. Alikuwa ameomba vyeti vya vifo vya watoto wa nyumba ile, akapata majina 796. Alipotafuta makaburi yao, hakuyaona. Mwaka 2017 tume ya uchunguzi ilithibitisha kwamba mabaki mengi ya watoto yalikuwa chini ya ardhi pale pale, katika vyumba vya muundo uliohusiana na mfumo wa zamani wa maji taka. Ripoti ya mwisho ya tume ilitoka Januari 2021. Katika nyumba 18 zilizochunguzwa nchini humo, watoto wapatao 9,000 walikufa, karibu asilimia 15 ya wote waliopitia humo. Serikali ya Ireland iliomba radhi. Masista wa Bon Secours nao wakaomba radhi. Kazi ya kuchimba na kuwatambua watoto hao ilianza Julai 2025.

Nimewasikia Wakatoliki wenzangu wakilipokea simulizi hili kwa kujihami: ni propaganda, ni Wazungu hao, ni zamani. Wengine wanalipokea kwa furaha ya kulikomoa Kanisa. Wote wawili wanaruka jambo moja lililonitoa usingizi mimi kama mhasibu. Vifo havikuwa siri. Ripoti ya tume inaeleza wazi kwamba idadi kubwa ya vifo vya watoto katika nyumba hizo ilijulikana na mamlaka za mitaa na za taifa wakati huo huo, na iliandikwa katika machapisho rasmi. Takwimu zilikuwepo. Zilisomwa. Kuna watu walikaa mezani, wakafungua taarifa, wakaona safu ya vifo, wakageuza ukurasa kwenda kwenye gharama ya makaa ya mawe.

Tume ilisema pia kwamba lawama kubwa ya ukatili waliotendewa mabinti ni ya akina baba wa watoto hao na familia zilizowafukuza mabinti, zikisaidiwa na Serikali na makanisa. Wengi wa waliopita katika nyumba hizo waliikataa kauli hiyo kwa hasira, na mimi naielewa hasira yao. Kusema jamii nzima ilikosea ni njia nzuri ya kutomtaja yeyote aliyekuwa kwenye kikao.

Tangu niliposoma hayo nimekuwa mjumbe msumbufu kidogo. Nimeomba bodi isomewe daftari la kupokelea, majina yakiwa yamefunikwa. Ni daftari kubwa la jalada gumu, lile la mistari linalouzwa kwenye maduka yote ya vifaa vya ofisi, na limepigwa safu kwa rula na kalamu nyekundu. Tarehe. Umri. Kijiji. Aliyemleta. Tarehe ya kujifungua. Uzito wa mtoto. Hali. Kisha safu ya mwisho: Alikokwenda. Mwandiko wa Sista ni wa shule za zamani, herufi zimelala upande mmoja na kila uzito umeandikwa kwa gramu. Chini ya "Aliyemleta" mara nyingi utaona "mwenyewe", au "dereva wa bodaboda", au "mwenyekiti wa jumuiya". Safu ya mwisho ina majibu machache ukurasani: "kwa shangazi", "Dar, kazi za ndani", "nyumbani". Chini ya hayo ni weupe mtupu.

Mwanasheria wetu alitaka kujua kwa nini haijajazwa. Sista hakujitetea. Alisema wakishatoka getini kituo hakina nauli ya kuwafuata, simu zao hubadilika namba, na wengine hawataki kufuatwa kwa sababu kijijini hawajasema walikuwa wapi. Akaongeza kwamba wafadhili hugharamia vitanda, na hajawahi kuona fomu ya maombi yenye mstari wa bodaboda. Ni kweli. Kitanda kinapigwa picha. Safari ya sista nyuma ya pikipiki kwenda kumsalimia binti aliyetoka mwaka jana haipigwi picha, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatupa kila sababu ya kutompiga picha binti huyo.

Ilinibidi nitafute mahali pa kubana ili fungu la bodaboda lipatikane. Hapo ndipo mtu anapojua ugumu wa bodi ya kujitolea. Kila senti ina mwenyewe tayari, na kila mwenyewe ni mtoto.

Katika mjadala huo mwalimu mstaafu, mtu ninayemheshimu sana, alisema lile ambalo wengi hulisema wakiwa kwenye gari: "Tukiwapokea hivi, tukawafuata hivi, si tunawazoesha?" Kimya kikapita. Padre akatazama dirishani. Sista akajibu, "Mwalimu, waliozoea hawaji hapa. Wanaokuja ni walioshikwa na hofu." Mimi ningeongeza jambo moja. Kanisa linalomwambia binti wa miaka kumi na sita asitoe mimba limejifunga kwake, na kifungo hicho hakiishi siku mtoto anapozaliwa. Kama hatuwezi kulipa nauli ya kumfuata, basi na mahubiri tuyapunguze sauti.

Mwalimu yule si mtu mbaya. Amefundisha katika nchi ambamo mwanafunzi akipata mimba alikuwa anaondolewa shuleni kama jambo la kawaida, na Juni 2017 Rais wa wakati huo alisema hadharani kwamba wazazi hao wadogo hawatarudi darasani. Katika bajeti zetu za miaka ile, chini ya "Elimu", utakuta cherehani. Kila binti alikuwa fundi nguo mtarajiwa, awe anapenda au hapendi. Novemba 2021 Waziri wa Elimu alitangaza kwamba wanafunzi waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi katika shule za Serikali. Bajeti yetu ilichelewa kuisikia habari hiyo. Cherehani ziliendelea kununuliwa, kwa kuwa fungu likishakuwepo hujirudia lenyewe. Leo kuna sare, madaftari na viatu, lakini gharama kubwa si hizo, na karo ya sekondari hadi kidato cha nne ilishafutwa tangu 2016. Gharama ni kumpata mtu wa kubaki na mtoto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mama wa binti yuko shambani au sokoni. Kumlipa jirani ni fedha, na mstari huo nao haupo kwenye fomu za wafadhili.

Ukitazama takwimu za kitaifa unaona kwa nini kituo kama chetu hakitakosa kazi, hata mambo yanapokwenda vizuri. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni habari njema, na vitanda vya vichanga waliofiwa vinaweza kupungua. Lakini utafiti huo huo wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito. Hao ndio wanaoshuka kwenye bodaboda mbele ya geti letu.

Kuna kizuizi kimoja zaidi, cha kiroho, na kinakuja kimevaa Maandiko. Ukiomba hesabu katika kazi ya huruma, daima atakuwepo wa kukukumbusha yale maneno ya Injili kuhusu mkono wa kushoto na wa kulia. Maneno yale yanamhusu mtoaji asijitangaze. Hayamhusu mwenye ufunguo wa stoo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1284, inamtaka kila msimamizi wa mali ya Kanisa awe na uangalifu wa baba mwema katika nyumba yake, atunze vitabu vya mapato na matumizi kwa mpangilio, na mwisho wa mwaka atoe taarifa. Kanuni ya 1287 inakwenda mbali zaidi na kuwataka wasimamizi kuwaeleza waamini hesabu ya kile ambacho waamini wametoa. Ni parokia ngapi umesikia zikisoma hesabu ya sadaka ya kituo cha watoto wachanga baada ya matangazo ya ndoa? Yetu ilianza Kwaresima iliyopita. Makusanyo hayakupungua.

Pamoja na haya yote, hesabu peke yake haiokoi mtoto. Tuam ilikuwa na hesabu. Kilichokosekana pale ni mtu mezani ambaye namba zile zilimhusu, mtu ambaye safu ya vifo ikisomwa angejua uso mmojawapo. Ndiyo maana nimepeleka pendekezo kwamba viti viwili vya bodi vishikwe na wanawake waliowahi kupokelewa kituoni, wenye haki ya kupiga kura, na wao ndio walipwe posho hata kama sisi wengine hatulipwi, kwa sababu siku wanayokuja kwenye kikao ni siku wanayopoteza kibarua. Wapo wanaosema hawataelewa mambo ya fedha. Ninafanya kazi na fedha kila siku, na sijaona mtu anayeielewa shilingi elfu mbili kuliko mama wa mtoto mchanga asiye na kazi. Wapo wanaoogopa kwamba watalalamika. Matendo ya Mitume inatueleza bodi huundwa kwa ajili gani.

Pendekezo hilo ni ajenda ya nne katika kikao kijacho. Padre anaunga mkono, Mwalimu bado anafikiri, na Baba Askofu amesema atakubali uamuzi wa wajumbe.

Nawe msomaji, kama uko kwenye jumuiya, una taaluma na jina jema, ipo siku barua ya uteuzi itakufikia ikikuomba uisaidie nyumba ya mama na mtoto. Usiikatae kwa kuwa huna muda. Wanahitajika watu wasio na njaa ya posho. Lakini kabla ya kujibu, omba uonyeshwe daftari la kupokelea, na uulize ni nani kati ya waliopita humo anayekaa bodini. Ukijibiwa kwamba daftari ni la masista na kazi yako ni kuhudhuria, usitie saini.